Namba ya Lucas Iliyotawala Miaka 75

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alichapisha orodha iliyowasumbua wanahisabati kwa karne tatu. Alidai kwamba ukichukua 2, ukaipandisha kwenye kipeo fulani, kisha ukatoa 1, utapata namba tasa kipeo kikiwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 au 257. Vingine vyote vya hapo kati havifai. Baadaye ilibainika kuwa 67 na 257 hazistahili kuwemo, na kwamba alizisahau 61, 89 na 107.

Leonhard Euler aliithibitisha ile ya 31 mwaka 1772 kwa kujaribu vigawo. Kwa kipeo cha 127 njia hiyo haifiki popote. Namba yenyewe ni hii:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727.

Mtu angeigawanya kwa namba tasa moja kila sekunde, usiku na mchana, na mabilioni ya miaka yangepita kabla hajamaliza.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas aliachana kabisa na vigawo. Kanuni yake inastaajabisha kwa wepesi wake. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoichunguza, ubaki na baki tu. Rudia mpaka hatua zifikie kipeo kutoa 2; baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Tuichunguze 127, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 7, kutoa 1: kutoka 3 tunapata 7, kisha 47, 48, 16, na hatua ya tano baki ni 0. Basi 127 ni tasa, wala hatukujaribu kigawo hata kimoja. Kwa ile kubwa, Lucas alihitaji hatua 125 za namba zinazofikia tarakimu 39, kwa mkono, na kosa moja lingeharibu yote yanayofuata. Kwangu mimi hiki ni miongoni mwa vilele vya hesabu za binadamu.

Namba hiyo ilishika rekodi ya namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana hadi 1951, mwanahisabati Ferrier alipoipita kwa mashine ya mezani ya kuhesabia. Mwaka huohuo, kwa kompyuta ya EDSAC ya Cambridge, watafiti Miller na Wheeler walipata namba tasa ya tarakimu 79. Waliijenga kwa kuzidisha namba ya Lucas kwa yenyewe, kisha kwa 180, na kuongeza 1.

Kanuni haikuzeeka. Mmarekani Derrick Lehmer aliiboresha ianzie 4, ikafaa kwa kila kipeo kilicho namba tasa kuanzia 3. Mwaka 2024 ndiyo iliyothibitisha namba tasa ya tarakimu 41,024,320.

Walimu wa hisabati, iandikeni kanuni hii ubaoni. Wapeni wanafunzi 31, ambayo kipeo chake ni 5, waanze na 4: hatua tatu zinatosha.