Ugonjwa wa Buba na Hesabu ya Wasioonekana

Ni desturi ya taarifa za mwaka kutaja idadi ya watu waliosaidiwa. Historia ya ugonjwa wa buba yatufundisha kwamba hesabu hiyo, ijapokuwa njema, ni nusu tu ya kazi.

Buba ni ugonjwa wa ngozi udumuo muda mrefu. Huwapata hasa watoto wa chini ya miaka 15, katika nchi zenye joto na unyevu, mahali ambapo maji na sabuni ni haba. Kijidudu chake, kilichotambuliwa mwaka 1905 na daktari Aldo Castellani katika Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, hupenya katika mkwaruzo mdogo mtoto agusapo kidonda cha mwenziwe. Kwanza hutokea kidonda kimoja, kisha vingine vingi mwilini. Baadaye vidonda hukauka vyenyewe, na mzazi hudhani mwanawe amepona. Kumbe ugonjwa umejificha tu, nao huweza kuzuka tena baada ya miaka. Katika kila wagonjwa 10 wasiotibiwa, mmoja hivi huishia kuwa na kilema.

Hapa Kenya, katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipeleka vijijini sindano za dawa ya bismathi. Watu waliokuwa wakiishuku hospitali walikuja kwa wingi, maana waliona kwa macho yao vidonda vikifunga. Lakini dawa ile ilihitaji sindano kadhaa, na wengi walipoona ngozi imekuwa safi hawakurudi tena. Isitoshe, aliyekuja ni yule mwenye kidonda. Aliyebeba ugonjwa uliojificha hakuona sababu ya kuja.

Katika miaka ya 1930, huko Java, daktari Raden Kodijat aliugeuza mwendo huo. Badala ya kumngoja mgonjwa, watumishi wake walikwenda nyumba kwa nyumba, wakaandika watu wote, wakakagua ngozi zao, kisha wakarudi tena baada ya muda. Penisilini ya kudumu mwilini ilipopatikana, sindano moja ikatosha kuponya. Ndipo Shirika la Afya Duniani na UNICEF, tangu 1952 hadi 1964, walipofanya kazi kubwa katika nchi 46. Watu wapatao milioni 300 walikaguliwa, na milioni 50 wakatibiwa. Kanuni ilikuwa wazi: palipokuwa na wagonjwa zaidi ya 10 katika kila watu 100, kijiji kizima kilipewa dawa, wagonjwa na wazima pamoja, ili ugonjwa uliojificha usisalie.

Buba ikapungua kwa kadiri ya asilimia 95. Hapo watu wakapumzika. Ukaguzi ulipunguzwa, watumishi wakapewa kazi nyingine, na katika miaka ya 1970 ugonjwa ukarudi Afrika Magharibi, hata mwaka 1978 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukalazimika kuzihimiza nchi zianze upya. India haikupumzika mapema: ilimpata mgonjwa wake wa mwisho mwaka 2003, ikaendelea kutafuta, na mwaka 2016 ndipo ilipotangazwa kuwa huru.

Mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba dawa ya kumeza ya azithromycin, kipimo kimoja tu, yatosha kuponya buba. Mwaka uliofuata wenyeji wa kisiwa cha Lihir, Papua New Guinea, walipewa dawa hiyo, nao waliofikiwa walikuwa 84 katika kila 100. Wagonjwa walipungua kutoka asilimia 1.8 hadi 0.1 katika miezi 18. Lakini ilipofika miezi 42 walikuwa wameongezeka tena hadi asilimia 0.4, na baadhi yao walikuwa na vijidudu visivyosikia dawa ile. Sehemu kubwa ya ugonjwa uliosalia ilitoka kwa wale ambao dawa haikuwafikia. Wale 16 wasioonekana walikuwa na nguvu kuliko wale 84.

Basi wazee wetu, wahudumu wa afya wajapo kukagua ngozi za watoto, iwe kwa ajili ya buba, ukoma au upele, kazi yetu si kuwapanga foleni waliokuja tu. Ni kuuliza nani hayupo: mtoto aliyekwenda malishoni, aliyepelekwa kwa nyanya yake, au aliyefichwa ndani kwa sababu ya aibu. Daktari hawajui hao, sisi twawajua. Yafaa daftari la kila kijiji liwe na sehemu mbili, walioonekana na wasioonekana, na ile ya pili itunzwe kwa siri na heshima, wala isifungwe mpaka iwe tupu.