Mnyororo na Mstari Wake: Habari za Gari la Nchi Kavu na Majini

Tangu zamani za kale wanadamu wamevigawa vyombo vyao vya safari katika jamaa mbili, vile vya nchi kavu vinavyotaka ardhi imara chini yake, na vile vya majini visivyotaka kuigusa ardhi hata kidogo. Na kila jamaa ilikuwa na mafundi wake, zana zake na miiko yake. Wale wachache waliothubutu kuziunganisha jamaa hizi mbili walitambua upesi kwamba taabu kubwa haikuwa kukifanya chombo kielee, wala kukifanya kiviringike, bali kuichukua nguvu ya mashine hadi kwenye magurudumu bila ya kuyafungulia maji mlango. Jawabu lililodumu kuliko mengine ni mnyororo unaozunguka juu ya sproketi, yaani magurudumu ya meno, ndani ya tumbo la chombo chenyewe. Lakini mnyororo una sharti moja usilolisamehe: sproketi zake zote zisimame katika mstari mmoja. Historia ya gari hili, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kulitafutia sharti hilo utimilifu.

Mwaka 1805, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, Oliver Evans aliunda mashine ya mvuke ya kuchimbua matope gatini, kwa agizo la baraza la afya la mji huo; na kwa kuwa karakana yake ilikuwa mbali na maji, aliipandisha mashine hiyo juu ya magurudumu, akaiendesha kwa mvuke wake wenyewe katika njia za mji hata ukingoni mwa mto Schuylkill, kisha akaishusha majini, ikasukumwa na gurudumu la makasia. Aliiita Oruktor Amphibolos. Kazi ya kuchimbua matope haikuiweza vizuri, na haukupita muda mrefu ikauzwa vipande vipande. Hata hivyo ilikuwa imethibitisha kwamba mashine moja yaweza kuhudumu pande zote mbili. Kilichokosekana bado ni kiungo chepesi, imara na chenye utii, cha kuipeleka nguvu mahali inapotakiwa.

Mnyororo wa kupeleka nguvu haukuwa jambo geni duniani, kwani Wachina waliutumia katika saa kubwa ya Su Song katika karne ya 11. Lakini minyororo ya kale ililika haraka, kwa sababu pini zake zilisuguana na vyuma vyembamba mahali padogo. Mwaka 1879 Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyehamia Uingereza, alinunua karakana ndogo ya minyororo ya viwanda vya nguo huko Salford, na mwaka uliofuata akatoa mnyororo wenye bomba dogo lililoizunguka kila pini na rola juu yake, hata mzigo ukaenea mahali papana, na jino la sproketi likawa linakutana na kitu kinachozunguka badala ya kitu kinachokwaruza. Uzao wa mnyororo huo ndio ulioingia katika baiskeli na kufika nazo hata nchi zetu, ambako fundi wa baiskeli, awe Tanga au Kisumu, hahitaji kufundishwa na mtu kwamba gurudumu la nyuma likikaa upande, mnyororo hulia, hula meno, na mwisho huruka.

Katika Florida haja ya chombo cha namna mbili ilizaliwa na msiba. Tufani ya mwaka 1928 iliyafurisha maji ya ziwa Okeechobee, wakafa watu zaidi ya 1,800, na mabwawa ya nchi ile hayakupitika kwa gari wala kwa mashua. Donald Roebling, wa ukoo ule ule uliojenga daraja la Brooklyn, alijitia katika kazi ya kuunda chombo cha kuwaokoa watu katika hali kama hiyo, na mwaka 1935 akatoa cha kwanza alichokiita Alligator, chenye mwili wa alumini na minyororo mipana iliyokanyaga ardhi na kupiga maji kwa makasia yake. Jeshi la wanamaji la Marekani lilivutiwa nacho, na kuanzia mwaka 1941 vyombo vya asili hiyo vikaundwa kwa vita, hata vikazidi 18,000. Na hivyo chombo kilichokusudiwa rehema kikabeba askari hadi fuo za Pasifiki.

Amani iliporudi, fikra ile ilishuka kutoka katika ukubwa wa jeshi hadi kipimo cha mwindaji, mvuvi na mkulima. Mwaka 1961, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, lilitokea Jiger, gari dogo la magurudumu sita manene; na mwaka 1967 kampuni ya Ontario Drive & Gear, iliyokuwa na ustadi wa kutengeneza gia, ikatoa Argo. Upande wa Marekani yalifuata Attex na Max na mengineyo, ambayo aghalabu yalitumia giaboksi ya kampuni ya Borg-Warner iitwayo T-20, yenye mhimili mmoja wa kutolea nguvu kila upande. Magari haya hayana usukani wa kupinda magurudumu: dereva huuzuia upande mmoja ili upande wa pili uendelee, na chombo hugeuka kwa kujiburura. Majini husogea kwa mzunguko wa matairi yake tu, polepole kama mtu atembeaye.

Basi hapo ndipo penye asili ya hitilafu yao. Mwili wa gari ni beseni la plastiki, na mihimili ya magurudumu hupita katika beringi zilizozibwa ili maji yasiingie. Ndani yake minyororo huiunganisha mihimili yote ya upande mmoja na giaboksi. Kila gari ligeukapo kwa kujiburura, ardhi huyasukuma magurudumu kwa ubavu, na msukumo huo huifikia beringi. Beringi ikilegea, mhimili hucheza, na sproketi huondoka katika mstari wake kidogo kidogo. Kadhalika bolti za giaboksi hulegea kwa mtikisiko, na ufunguo mdogo wa chuma unaoishika sproketi juu ya mhimili hulika. Fauka ya hayo, maadamu magurudumu ya upande mmoja yamefungwa pamoja na minyororo, tairi moja likipungua upepo kuliko jirani zake hutaka kuzunguka kwa kipimo tofauti, na ugomvi wote huo huangukia mnyororo.

Mafundi wa magari haya walijifunza kuutambua ugonjwa kwa dalili zake kabla ya kugusa spana. Jino lililong'aa ubavu mmoja hushuhudia kwamba mnyororo umekuwa ukilisugua kwa pembeni. Jino lililopinda kama ndoana hushuhudia mnyororo uliorefuka. Na bamba za mnyororo zilizokwaruzwa upande wa ndani husema neno lile lile la jino lililong'aa. Kisha hufuata kipimo: rula ndefu ya chuma, iliyonyooka kwelikweli, huwekwa juu ya nyuso za sproketi mbili, na ikigusa moja na kuiacha nyingine, pale pana upotofu. Stadi mwenye hadhari haanzi kwa kuisukuma sproketi, bali hulitikisa gurudumu kwanza apate kujua kama beringi ni nzima. Kwa kuwa kuinyoosha sproketi juu ya mhimili unaocheza ni kuificha taksiri, si kuiondoa. Beringi ikisalimika au ikibadilishwa, ndipo huiweka sproketi mahali pake kwa vipande vyembamba vya bati, au huisogeza giaboksi juu ya bolti zake, hukaza, huuzungusha mnyororo mzunguko mzima, na hupima tena. Mnyororo uliorefuka kwa asilimia 3 hutupwa, na sproketi zake aghalabu hutupwa pamoja nao, kwani mnyororo mpya juu ya meno mabovu huzeeka upesi.

Mwaka 1970 Honda ilileta sokoni gari lake jepesi la magurudumu matatu manene ya upepo mdogo, lililokuwa rahisi na la kasi, na katika muongo ule watengenezaji wengi wa magari ya magurudumu sita na manane walifunga milango. Waliosalia walisalia kwa sababu mabwawa na theluji ya kaskazini havikubadilika, na kwa sababu nyingine isiyosifiwa sana: chombo kilichoharibikia msituni, mbali na karakana, chaweza kurudishwa katika mstari wake kwa rula, spana na subira. Chombo kingine kingemlazimu mwenye nacho angoje msaada; hiki humtaka ajue kutazama.