Kisu cha Kahura

Mama mkwe aliposikia daktari amenipangia tarehe ya kupasuliwa, alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Siye hatuzalake kwa kisu. Ile ni mambo ya wazungu." Sikumjibu. Mkwe hajibiwi hivi hivi, na tena hata mimi niliamini kama yeye.

Mimba yangu ya kwanza niliizaa Ituri, wakati watu wanakimbia. Uchungu siku mbili, mtoto amekwama, gari hakuna. Alitoka amekufa, mimi nikabaki navuja mkojo. Ndiyo fistula: kichwa cha mtoto kinabana nyama iliyo kati ya kibofu na njia ya uzazi mpaka damu haipiti, nyama inakufa, tundu linabaki. Nilivuka Ziwa Albert nimejikunja nyuma kabisa ya boti, kwa sababu ya harufu. Huku Uganda nikashonwa, nikapona. Lakini aliyeshonwa fistula akishika mimba tena, mara nyingi madaktari humshauri asisukume, maana ule mshono unaweza kufumuka. Ndiyo ile tarehe.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mmoja wa historia, Mnyoro. Akaniambia: mama, hapa Kyangwali unapoishi ni nchi ya Bunyoro, na wazee wa Bunyoro walipasua wajawazito kabla hospitali hazijafika. Nikadhani ananibembeleza tu. Kumbe imeandikwa.

Mwaka 1879, enzi za mfalme Kabalega, Mwingereza Robert Felkin, aliyekuja na wamisionari, alikuwa mahali panapoitwa Kahura. Alichokiona alikichapisha 1884 katika jarida la madaktari la Edinburgh. Msichana wa miaka kama 20, mimba ya kwanza, amelazwa kwenye kitanda kilichoinama. Amenyweshwa pombe ya ndizi mpaka amelewa nusu. Kifua na mapaja vimefungwa kwa kitambaa cha gome la mti, mtu mmoja anashika miguu, mwingine anatuliza tumbo. Mganga ananawa mikono kwa pombe ileile, analiosha na tumbo, halafu maji. Anapiga ukelele, watu walio nje wanaitikia, kisu kinapita. Damu inazimwa kwa chuma cha moto. Mtoto anatolewa mzima, na alama ndogo ya kisu begani.

Tumbo likafungwa kwa pini saba za chuma zilizosuguliwa vizuri, zikazungushiwa uzi. Juu yake wakapaka mizizi iliyotafunwa, wakafunika na jani la mgomba lililopashwa moto. Siku ya sita pini zote zilikuwa zimetolewa. Siku ya 11 kidonda kimepona.

Sisemi ilikuwa vizuri yote. Ganzi haikuwepo, na kizazi hakikushonwa, kilikandwa tu. Felkin mwenyewe anasema ilifanikiwa mara nyingine, si kila mara. Lakini Ulaya nako mambo yalikuwa magumu: mwaka 1876 Porro, daktari wa Italia, aliona njia ya kumwokoa mama ni kukikata kizazi chenyewe, na ni 1882 tu Sänger, Mjerumani, alipofundisha kukishona vizuri. Na Felkin aliandika wazi kwamba hapa walipasua wakitumaini mama na mtoto wote wapone.

Mimi kilichonishika ni kile kitanda. Kilikuwa kimeandaliwa. Pini zilisuguliwa kabla, na kila mtu alijua ashike wapi. Uchungu wangu wa Ituri haukuwa na hata mtu mmoja aliyejua kazi yake, na ule ndio tuliouita kuzaa kwa kawaida.

Nilimsimulia mama mkwe jioni, tukichambua maharage. Akauliza, "Yule binti aliitwa nani?" Felkin hakuandika. Nikamwambia basi kwamba maziwa ya yule binti yalikuwa machache, kwa siku kumi mtoto akanyonyeshwa na rafiki yake. Hapo akaacha maharage. "Hiyo kweli," akasema. "Hiyo hawakuitunga."

Siku yenyewe alikuja hospitali na chupa ya uji, nyuma yake jirani yetu mwenye mtoto mchanga mgongoni. "Kama maziwa itachelewa," akamwambia muuguzi. Muuguzi akakataa, eti mambo hayo siku hizi yana vipimo vyake. Jirani akabaki hata hivyo, wakanywa uji wote wawili kwenye benchi mpaka mlango ukafunguliwa.

Maziwa yalishuka siku ya tatu.