Nani Akuulize Kama Utaweza Kulipa?

Juzi nilikuwa kituo cha mabasi hapa Same nikisubiri gari la kwenda Mamba. Kando yangu aliketi mama mmoja muuza tangawizi, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Mkopo wake wa kwanza ulimshinda. Aliyemkopesha akamwandikia mkataba mpya, unaomeza deni la zamani pamoja na riba yake. "Mwanangu, wanataka niweke dole gumba kesho," akaniambia. Nikamwuliza kama kuna aliyemhoji fedha hizo atazitoa wapi. Akacheka tu.

Lilikuwapo swali la namna hiyo zamani, tena kwa nguvu ya sheria. Katika miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, ikaandikwa upya mwaka 1931. Mwenye duka asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika, hakuweza kumdai mahakamani mpaka mapatano yale yawe yameidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Bila kibali cha bomani, deni lilibaki la kuaminiana.

Kwa upande mmoja ilikuwa kinga. Mkulima hakunyang'anywa ng'ombe kwa sababu ya kitabu cha dukani asichoweza kukisoma. Lakini sheria ile ilimwona mtu mzima kama mtoto, kwa rangi yake tu. Mfanyabiashara Mwafrika aliyetaka shehena ya nguo kwa mkopo alikataliwa, maana mwenye bohari alijua hana njia rahisi ya kumshitaki. Alilindwa mpaka akakosa mtaji.

Na Wapare hawakupenda kupimiwa mfuko na mtu mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ililetwa kodi ya nyongeza, kila mtu akadiriwe kwa mali yake. Hilo si deni la dukani, najua, lakini mzizi ni ule ule: nani ana haki ya kusema wewe unaweza kulipa kiasi gani? Januari 1945 watu kwa maelfu waliteremka kutoka milimani, wakaja hapa hapa Same kupinga. Ndiyo Mbiru, ambayo Profesa Isaria Kimambo aliiandikia historia. Mwaka 1947 kodi ile ilikuwa imeondolewa.

Je, basi, swali lenyewe ni baya? Mimi nasema hapana. Ubaya ulikuwa kwa mwulizaji na kwa nani aliulizwa. Tazama Marekani. Huko mtu aliyefilisika husamehewa madeni mengi na mahakama. Akitaka kubaki na gari alilolinunua kwa mkopo, mdai aweza kumtaka aahidi upya, kwa maandishi, kwamba atalipa. Sheria yao ya mwaka 1978 iliweka mlango wa jaji hapo. Asiye na wakili husimama mbele yake, aelezwe kwamba hakuna sheria inayomlazimisha kuahidi, na yatakayompata akishindwa. Jaji hupima kama deni litamwelemea yeye na wanaomtegemea. Hata akishakubali, ana siku zisizopungua 60, tangu mkataba ufikishwe mahakamani, za kughairi. Huulizwa mweupe na mweusi, kwa maneno yale yale.

Sisi nasi tuliachiwa sheria ya ufilisi, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1930. Ila muuza tangawizi na Mahakama Kuu wapi na wapi! Yeye anachokijua ni mikopo ya kausha damu, na jina hilo hawakulitunga wanasheria.

Gari la Mamba likaja. Nikamsomea ile karatasi kabla hatujapanda, mstari kwa mstari, riba na yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaifunga kwenye pindo la kanga. "Hiyo kesho yao," akasema, "itangoja kwanza nimwone mdogo wangu wa Mamba."