Wanja wa Manga: Jina, Jiwe na Fasiri ya Kamusi

Manga ni Uarabuni, hasa Omani. Kwa hiyo jina wanja wa manga halisemi ni jiwe gani linalosagwa. Linasema bidhaa ilikopitia, kama ilivyo kwa pilipili manga, ambayo asili yake ni Bara Hindi. Watunga kamusi wa enzi ya ukoloni hawakuridhika na hilo. Wakijua kuwa ithmidi ya Waarabu ilifasiriwa Ulaya kuwa antimoni, waliandika antimoni. Fasiri hiyo imerithiwa, na makala haya yanaihoji.

Mwaka 1999 Philippe Walter na wenzake walichapisha uchambuzi wa wanja wa Misri ya kale uliohifadhiwa katika makumbusho ya Louvre, Paris. Madini yaliyotawala humo ni galena, yaani muungano wa risasi na salfa. Nchini Omani pia, galena imeonekana katika sampuli kadhaa za wanja zilizopimwa. Sababu si ngumu kuielewa. Galena ni ya kijivu, hung’aa kama chuma kilichosuguliwa, na ni laini kiasi cha kusagika kwa urahisi: ikisagwa sana huwa nyeusi, ikibaki chenga humetameta. Uzito wake ni takriban mara 7.5 ya maji. Madini ya antimoni hayafiki 5. Mfanyabiashara mwenye mizani angeweza kuyatofautisha bila maabara.

Wahenga walinena, “Wanja wa manga si dawa ya chongo.” Kwa kawaida methali hii husomwa kama onyo kwamba pambo haliondoi kasoro. Mimi naona ukanushi wake una ushahidi wa kihistoria: hakuna anayekanusha lisilodaiwa. Wanja ulihesabiwa kuwa tiba ya macho, na ndiyo maana hata watoto wachanga walipakwa.

Hapo ndipo fasiri inapogusa afya. Takriban asilimia 86 ya uzito wa galena ni risasi (metali, si ya bunduki), nayo ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo. Msomaji anayekuta “antimoni” hapati fununu yoyote ya hatari hiyo. Wanja mwingine, bila shaka, ni wa masizi tu. Kidahizo kingefaa kusomeka hivi: unga mweusi wa kupaka machoni, uliotengenezwa kwa masizi au kwa galena, ambayo ni madini ya risasi yenye sumu.