Yoga na Utulivu wa Akili

Yoga ilianza nchini India kama njia ya kuitawala akili. Yoga Sutra, maandishi yanayohusishwa na Patanjali, yana vifungu vifupi visivyofika 200. Humo akili iliyotulia ndiyo shabaha, nayo hupatikana kwa mazoezi ya muda mrefu yasiyokatizwa. Njia yenyewe ina hatua nane: kujizuia kuwadhuru wengine, nidhamu binafsi, mkao, kudhibiti pumzi, kuzuia hisi, kukaza fikra, kutafakari na kuzama katika utulivu kamili. Mkao uliotakiwa ulikuwa wa kukaa imara bila taabu.

Mwaka 1896 kitabu cha Swami Vivekananda, Raja Yoga, kiliwafikishia wasomaji wa Magharibi mafundisho hayo. Mikao mingi ya leo ilienea kutoka Mysore, ambako T. Krishnamacharya alifundisha kwenye kasri la mfalme miaka ya 1930. Mwanafunzi wake, B.K.S. Iyengar, aliyekuwa mgonjwa tangu utotoni, alihamia Pune mwaka 1937. Huko alitumia kamba, mikanda na vipande vya mbao ili hata mwenye viungo vigumu adumu katika mkao mmoja, pumzi itulie, na fikra ziifuate.