Wavuvi wa Mto Kilombero: Habari za Mgono, Wando na Maji ya Mbuga

Wasomaji wetu wakaao pwani huijua sana habari ya jodari. Katika visiwa vya matumbawe vya Maldivi watu wamemvua samaki huyo kwa fimbo na ndoana karne nyingi, samaki mmoja kwa ndoana moja, hata mwaka 2012 uvuvi wao ukapewa cheti mbele ya mataifa kuwa ni uvuvi usioharibu bahari. Wanasifiwa, na sifa hiyo wanastahili. Lakini sisi tunaokaa Ifakara hatuna bahari wala jodari. Tuna mto, na mbuga ambayo kwa miezi kadhaa ya mwaka hugeuka kuwa ziwa, na katika maji hayo wamo wavuvi ambao hakuna aliyepata kuwapa cheti. Twaona ni vema habari zao ziandikwe, maana mambo mengi yanayosemwa juu yao siku hizi husemwa na watu ambao hawajapata kushika pondo.

Kwanza tuseme neno juu ya jina. Mto huu una majina mawili. Wadachi katika ramani zao waliuandika Ulanga, na wilaya iliyo ng'ambo, upande wa Mahenge, inaitwa Ulanga hata leo. Lakini jina la Kilombero ndilo lililoshinda, likawa jina la mto, la bonde, na la wilaya ya upande wa huku. Mito ya Mnyera, Ruhudji na Mpanga huungana kuufanya, na vijito vingi hushuka kutoka milima ya Udzungwa na ile ya Mahenge. Bonde lenyewe urefu wake wapata kilomita 250, na mahali pengine upana wake hupita kilomita 50. Mwisho wa bonde Kilombero hukutana na Luwegu, na hapo jina hubadilika tena, maji yakaitwa Rufiji mpaka baharini, yakatokea kuelekea kisiwa cha Mafia. Basi hata watu wa visiwani wana sehemu yao katika habari hizi.

Mtu asiyeyajua maji ya mbuga hudhani ya kuwa samaki wa mtoni hukaa mtoni. Sivyo. Mvua zinapoanza kunyesha mwishoni mwa mwaka, mto hujaa ukapita kingo zake, na kufika Machi na Aprili nyasi za mbuga zimekwisha funikwa. Ndipo kambale na wenzake huuacha mto wakaingia majanini kutaga mayai. Perege hufanya viota vyake katika maji machache yaliyopata joto la jua. Watoto wa samaki hukua humo upesi, maana chakula ni tele na adui hawawaoni katika majani. Kisha mvua hukoma, maji huanza kurudi, na samaki nao hurudi pamoja nayo, wakubwa kwa wadogo, kupitia vijito na mifereji. Wengine huchelewa, wakabaki katika vidimbwi ambavyo Septemba na Oktoba vitakauka kabisa. Hao watakufa, au wataliwa na ndege. Bali yako mabwawa yasiyokauka, na samaki wanaobaki humo salama ndio mbegu ya mwaka utakaofuata. Msomaji alishike jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote.

Wenye mto tangu zamani ni Wandamba. Walikuwa watu wachache, waliokaa juu ya vichuguu na miinuko ya mbugani, na kazi zao zilikuwa mpunga, uvuvi, na kuwinda kiboko kwa chusa. Bwana A. G. O. Hodgson aliandika habari za uwindaji wao mwaka 1926, zikapigwa chapa Uingereza. Katikati ya karne ya 19 walikuja Wambunga, watu wa vita waliotoka katika misukosuko ya Wangoni, wakashika upande wa Ifakara. Na upande wa juu wa bonde walitawala Wabena, wale ambao Bwana A. T. Culwick na mkewe waliwaandikia kitabu mwaka 1935, pamoja na Mtema Towegale Kiwanga. Wandamba wakawa chini ya mabwana hao wawili. Lakini mabwana hawakuuweza mto. Shujaa wa mkuki akifika ukingoni wakati wa gharika huwa kama mtoto. Lazima amwombe Mndamba mtumbwi. Tumewasikia wazee wakilisimulia jambo hili kwa kicheko, nasi hatuwalaumu.

Sasa tutaje vyombo. Mgono ni kikapu kirefu cha fito, chenye mdomo mpana na koo jembamba la vijiti vilivyoelekea ndani; samaki akiingia hapati njia ya kutoka. Wando ni ua wa fito au matete unaosimamishwa kukata kijito, na katika ua huachwa milango, na katika kila mlango hutegwa mgono. Ndoana na mshipi zilitumika kwa kitoga na njuju, samaki wenye nguvu. Mikuki ilitumika usiku kwa mwanga wa mienge. Na ulikuwapo utupa, mmea ambao majani yake hupondwa yakatiwa katika maji yaliyosimama, samaki wakalewa wakaelea. Samaki waliopatikana waliwekwa juu ya uchaga wakakaushwa kwa moshi, wakawa ng'onda, wakapelekwa mlimani Mahenge na kwingineko kubadilishwa kwa nafaka na majembe.

Hapa tunafika mahali ambapo hatupatani na baadhi ya wenzetu. Husemwa mara nyingi ya kuwa wazee walikuwa na hekima ya kuhifadhi samaki, na ya kuwa vijana wa leo wameitupa. Hilo ni neno zuri la kuambia mkutano, lakini ukilichunguza utaona si kweli yote. Utupa hauchagui mkubwa na mdogo. Wando uliokata kijito chote hauachi wengi kupita. Sababu ya samaki kudumu ilikuwa nyingine, tena zilikuwa mbili. Kwanza, watu walikuwa haba na mbuga kubwa. Pili, nayo ndiyo kubwa zaidi, wando hauwezi kusimama katika maji yanayopanda kwa nguvu, huvunjika. Kwa hiyo ulisimamishwa wakati maji yanaporudi, na wakati huo samaki wamekwisha kuzaa, na wengi wa wale watakaonaswa wangekufa katika vidimbwi hata kama wasingevuliwa. Chombo chenyewe kwa udhaifu wake kilimfundisha mvuvi saa ya kuvua. Hatusemi wazee hawakuwa na hekima. Twasema hekima ilikuwa katika fito na katika maji kuliko katika amri ya mtu ye yote. Na hekima ya namna hiyo ina hatari yake, maana siku chombo kinapobadilika huondoka pamoja nacho, wala hakuna anayetambua ya kuwa imeondoka.

Mambo ya utawala wa kigeni tutayapita upesi. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907 vililiumiza bonde, maana Wambunga na Wapogoro walikuwa katika vita hivyo, na njaa iliyofuata iliua watu wengi. Wakati wa njaa mto ulilisha. Kisha, katika utawala wa Waingereza, ugonjwa wa malale uliifanya Serikali katika miaka ya 1940 kukusanya watu wa sehemu za Ulanga katika vijiji vikubwa, na mahali pengi palipokuwa na watu pakaachiwa tembo. Sisi tuliofundisha shuleni tunajua ya kuwa Serikali yaweza kuhamisha nyumba, lakini haiwezi kuuhamisha msimu. Maji yalipoanza kurudi, madawati yalikuwa matupu. Mwalimu aliuliza wavulana wako wapi, na jibu lilikuwa moja kila mwaka: wako kambini na baba zao. Walimu wengine waliwachapa waliporudi. Wengine walipokea samaki wakanyamaza.

Mabadiliko makubwa yalikuja bila tarumbeta, nayo yalikuwa uzi. Baada ya Vita Kuu ya pili zilianza kuenea nyavu za nailoni. Uzi wa zamani wa nyuzi za miti ulioza, ukahitaji kusokotwa upya kila mwaka. Nailoni haiozi, haionekani majini, tena hukaa katika maji yanayopanda kama katika maji yanayoshuka. Basi kizuizi kile cha fito kikaondoka. Mtu aliweza kumvua samaki jike mwenye mayai siku ile ile anapoelekea majanini. Ikaja na reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 hata 1975, ikipita Ifakara na Mlimba. Ng'onda iliyokuwa ikienda kwa kichwa cha mtu siku tatu sasa ilifika Dar es Salaam au Mbeya kwa gari la moshi. Wakaja wavuvi kutoka nje, na wakulima wa mpunga, na baadaye Wasukuma na wafugaji wengine na ng'ombe zao. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 wilaya ya Kilombero peke yake ilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Mbuga haikuongezeka hata shibiri moja.

Liko jambo moja linalotusikitisha kuliko yote, maana ndani yake wema na ubaya vimefumwa katika kitambaa kimoja. Ifakara ni mji unaojulikana duniani kwa vita dhidi ya malaria. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha hapa maabara mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu mwaka 1997 vyandarua vilivyotiwa dawa viliuzwa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na wataalamu waliopima wakaona ya kuwa kuokoka kwa watoto wenye umri wa mwezi mmoja hata miaka minne kuliongezeka kwa asilimia 27 kwa wale waliovitumia. Ni watoto tuliowafundisha. Lakini chandarua kikiingizwa katika bwawa hukusanya hata samaki aliye mdogo kama punje ya mpunga, na katika mabwawa yale yasiyokauka hukusanya mbegu yenyewe. Kanuni za uvuvi zinakataza. Mama mwenye chandarua kimoja kitandani na kingine kilichozeeka mlangoni hufanya hesabu yake mwenyewe ya kitoweo cha jioni, wala hesabu hiyo si ya kijinga.

Wengi huishia hapo, wakasema mvuvi amejiangamiza mwenyewe. Hatukubali. Samaki wa mbuga hahitaji mavuvi machache tu; ahitaji mbuga. Majani aliyotaga mayai yake yamelimwa mpunga, na maji ya vijito hugeuzwa kwenda mashambani, tena hurudi na dawa za kuulia wadudu. Kijito cha Kihansi kimekuwa na bwawa la umeme tangu mwaka 2000. Na chini, penye mapango ya Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Mkunga wa mito yetu huzaliwa baharini, akapanda akiwa mdogo kama uzi, akarudi baharini kuzaa. Yeye hana shauri na ukuta. Mvuvi wa Kilombero hakujenga hata kimoja katika vitu hivi.

Serikali nayo haikukaa kimya. Mwaka 2002 mbuga iliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi zenye maji ambazo mataifa yamekubaliana kuzitunza, eneo la kilomita za mraba karibu 8,000. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikaruhusu wanavijiji wenyewe kuunda vikundi vya kulinda maji yao. Mwishoni mwa mwaka 2012 ng'ombe maelfu kwa maelfu waliondolewa bondeni. Kisha mwaka 2023 sehemu kubwa ya mbuga ikatangazwa kuwa Pori la Akiba Kilombero. Sheshe, paa yule ambaye wengi wa jamii yake duniani waliishi katika mbuga hii, amepata ulinzi, na ulinzi huo alikuwa akiuhitaji. Bali pori la akiba haliingiwi pasipo kibali, na kambi za wavuvi zilikuwa mle mle.

Twadhani palikuwa na njia iliyo rahisi kuliko kibali, wala hatuoni ya kuwa imekwisha kufungwa: kuyafunga mabwawa yale yasiyokauka mwaka mzima, kuzuia nyavu zote katika miezi ya maji kupanda, na kumwachia Mndamba miezi ya maji kurudi, kama fito zilivyomwachia zamani. Mzee mmoja tuliyempelekea shauri hili alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ni nani atakayeketi bwawani usiku kulinda, na atalipwa nini. Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile.

Tangu mwaka 2018 daraja kubwa limesimama mahali pa kivuko cha zamani, na magari hupita bila kungoja. Tukisimama juu yake wakati wa Juni huona mitumbwi michache chini, na watu wakitandaza nyavu. Mwaka jana tuliwapa watoto wa darasa letu kazi ya kuandika majina ya vyombo vya baba zao. Waliandika kimia, jarife, kokoro, chandarua. Katika darasa zima wawili tu waliandika mgono, na mmoja wao alikuwa amechora picha yake vizuri sana, isipokuwa koo la vijiti alilielekeza nje.